Mshona Magunia wa Nyuma ya Kiwanda

Mtaa wetu ulipakana na ukuta wa nyuma wa kiwanda cha mabati ya simenti, yale ya kijivu yenye mawimbi mapana. Watu waliyapenda kwa sababu hayashiki kutu, hayachomi kwa jua, na mvua ikinyesha unaweza kuongea na mwenzako bila kupayuka. Shule yetu iliezekwa nayo, zahanati nayo vilevile, na nyumba zetu karibu zote. Tulijua kwamba simenti peke yake ingevunjika kama biskuti, na kwamba kinachoishikilia ni nyuzi fulani zinazoletwa kwa malori, zimeshindiliwa kwenye magunia. Nyuzi hizo zinaitwa asbesto. Jina tulikuja kulisikia baadaye sana, wakati kitu chenyewe kilikuwa kimeshaingia vifuani.

Magunia yakishamwagwa hayakuwa na kazi tena kwa kiwanda. Yalikuwa na kazi kwa Mama Gunia.

Hilo si jina alilopewa na wazazi wake, lakini ndilo lililomkaa. Hata mumewe, kinyozi wa pale njia panda, alimwita hivyohivyo. "Mimi nimeoa bohari," alikuwa akisema huku akimsawazisha mtu kisogo. "Nalalia gunia, najifunika gunia, nafutia miguu gunia. Siku nikifa msihangaike na sanda." Wateja wakacheka, naye Mama Gunia akiwa karibu alimjibu kwamba sanda ya gunia ni ya watu wakubwa, yeye atazikwa na taulo la kinyozi.

Alikuwa mwanamke mfupi, mabega mapana, mikono yake migumu kama ya mpiga kasia. Mchana kutwa utamkuta uani na shazia, ile sindano nene ya kushonea magunia, anaipitisha huku na kuivuta kule, mdomo haunyamazi. Alishona foronya za magodoro ya sufi, mapazia ya milango, matakia na mifuko ya sokoni. Mtaani kwetu ukiona mtoto kalala fofofo, ujue kalala juu ya kazi ya Mama Gunia.

Magunia aliyapata kupitia mdogo wake wa kiume, ambaye watoto walimwita Mjomba, na kwa kuwa watoto walikuwa wengi kuliko wakubwa, basi sote tukamwita Mjomba. Alikuwa mtunza stoo kiwandani. Zamani magunia matupu yalifukiwa shimoni, lakini kuchimba mashimo kulikuwa usumbufu, na meneja akasema mwenye haja nayo ayachukue kwa geti la nyuma. Mjomba akamfikiria dada yake. Nani asingemfikiria? Mama Gunia aliinua mikono juu akashukuru kwamba Mungu hamtupi mja wake.

Yalikuja yamegandamana na kitu kama pamba chafu. Kabla ya kushonwa ilibidi yapigwe. Hiyo ilikuwa kazi ya binti yake mkubwa akitoka shule. Aliyatundika kwenye kamba akayachapa kwa fimbo, na vumbi jeupe likaelea uani, laini, linang'aa juani kama unga wa sembe.

"Mpige huyo mpaka aseme kweli!" mama yake alimhimiza kutoka kibarazani.

Wadogo zake walipita chini ya vumbi mbio, wakitoka upande wa pili nywele nyeupe, wakitembea kwa kuinama kama wazee. Hakuna aliyewakataza. Lilikuwa halina harufu, haliwashi, halichomi macho. Pilipili tungeikimbia.

Miaka ikaenda. Kiwanda kikafungwa, malori yakaacha kuja, Mama Gunia akarudi kwenye magunia ya mahindi. Binti akaolewa mtaa wa pili, akapata watoto wake, akawa anafundisha shule ileile aliyosoma. Tukadhani mambo ya kiwanda yamekwisha.

Yalianza kwa pumzi. Mama Gunia alikuwa akipanda ngazi za zahanati akasimama katikati, akajishika ubavu, akasema amechoka kama mtu aliyebeba mzigo. Tukamtania kwamba uzee umepiga hodi. Baada ya muda hakuweza kulalia ubavu wa kulia. Zahanati wakampa dawa ya kikohozi, ingawa hakuwa akikohoa. Nguo zikaanza kumpwaya, na siku mumewe alipomshika mkono kumwinua kitini, akahisi mifupa tu. Wakampeleka hospitali kubwa.

Walimtoa maji kifuani kwa sindano, rangi yake kama chai ya rangi. Yakajaa tena. Wakakata kipande kidogo cha nyama wakapeleka kupimwa. Majibu yalipokuja, daktari aliwaita wote watatu chumbani, mama, baba na binti, akafunga mlango.

"Mama, uliwahi kufanya kazi kiwanda cha mabati?"

"Sijawahi kuvuka geti lake, daktari."

"Mzee je?"

"Mimi ni kinyozi."

"Kuna mtu nyumbani aliyekuwa akirudi na nguo za kazi kutoka kule?"

"Hakuna. Mdogo wangu alikuwa stoo, lakini ana kwake."

Daktari akatazama tena karatasi, uso umemkunjika kama mtu ambaye hesabu zinamkataa. Ndipo binti aliposema, polepole, kama anayemwamsha mtu, "Mama. Magunia."

Daktari akaweka kalamu chini. Akauliza magunia gani. Wakamweleza yote, fimbo, kamba, magodoro. Binti alisema baadaye kwamba kilichomtisha si alichosema daktari, bali namna alivyokuwa akimtazama yeye, mpigaji, wakati mama yake akieleza.

Ilikuwa saratani ya utando unaofunika mapafu. Daktari aliwaambia kwamba nyuzi zile ni nyembamba mno, mtu huzivuta na hewa asijue, zikifika ndani hazitoki wala haziozi. Hukaa. Zinaweza kukaa hata mtu akasahau aliwahi kuzigusa, kisha siku moja zikaamka. Dawa ya kuuondoa ugonjwa haikuwepo. Wangepunguza maji na maumivu.

Kinyozi alilia hapohapo. Mama Gunia hakulia. Aliuliza jambo moja tu: "Na walionunua?"

Tangu siku hiyo hakutulia. Alilala kitandani macho kwenye paa, anawataja mmoja mmoja: mkunga aliyechukua magodoro ya wodi nzima, fundi viatu, mama wa mapacha, yule mlinzi aliyehamia mbali. Alimtuma binti yake aende mlango kwa mlango kuwaambia. Daktari alikuwa ameonya wasiyachome wala wasiyakung'ute, wayalowanishe, wayafunge kwenye nailoni nzito, halafu bwana afya aitwe.

Binti alikwenda. Wengine walimsikiliza wakashika vifua vyao. Wengine walicheka. Mmoja alifoka: "Mama yako alituuzia kwa mdomo mtamu, leo unakuja kututangazia kifo?" Mlango ukafungwa usoni pake. Na wengi hawakuwa nayo tena. Walikuwa wameshawapa ndugu wa shamba, wameyapeleka bwenini na watoto, wameyagawa msibani. Magodoro yalikuwa yamesafiri kuliko wenyewe.

Daktari ndiye aliyewaunganisha na wakili, mwanamke mwenye sauti ndogo anayevaa viatu visivyo na kisigino, anayetetea watu wasio na uwezo. Alikuja nyumbani, akakaa mkekani karibu na kitanda, akaeleza bila kupamba. Wenye kiwanda walikuwa wamekiuza kwa watu wengine, jina likabadilishwa, makao makuu yakahamishwa. Kesi ingekuwa ndefu. Pengine Mama Gunia asingeuona mwisho wake.

"Unataka nini hasa, mama?" akamuuliza.

Mama Gunia alivuta pumzi kwanza, maana siku hizo kila sentensi ilihitaji maandalizi. "Mimi nimemtuma mwanangu kwa kila niliyemuuzia, akamwambie nilimuuzia nini. Ametukanwa, lakini amekwenda. Wao hawajaja kwangu. Nataka waje waseme."

Kesi ikafunguliwa. Majibu ya kiwanda yalikuwa mafupi na makavu: huyu mama hakuwahi kuwa mwajiriwa wao, kwa hiyo hawakuwa na wajibu wowote kwake, magunia yalikuwa takataka, na mwenye kuokota takataka ameokota kwa hiari yake, na zaidi ya hayo, enzi zile hakuna aliyejua kwamba vumbi lile lina madhara, na gunia tupu ni gunia tupu.

Mjomba alipoyasikia hayo ya kwamba hakuna aliyejua, alikuja kwa dada yake jioni, akasimama mlangoni kama mgeni. Binti ndiye aliyetusimulia, alikuwa akimkanda mama yake mgongo.

"Dada, kuna siku alikuja mgeni kutoka kwa wakubwa wa ng'ambo," Mjomba alisema. "Alipofika mlango wa stoo akasimama. Akatoa kitu cha mpira kwenye mkoba, akajifunika pua na mdomo ndipo akaingia. Akaona magunia yamerundikwa geti la nyuma, akamuuliza meneja kitu kwa lugha yao. Meneja akaonyesha kwa kidole huku mtaani. Mgeni akatikisa kichwa, wakabishana, nusura wagombane. Baada ya siku hiyo wakubwa waliacha kunywa chai upande wa stoo. Watoto wao hawakuletwa tena kucheza mpira uwanjani."

"Na magunia?"

"Yaliendelea kutoka."

"Ulijua?"

"Niliona, dada. Sikujua."

"Mbona hukuniambia ulichoona?"

Mjomba akainamisha kichwa. "Nilidhani ni mbwembwe za wakubwa. Wale hata nzi akitua kwenye kikombe walikimwaga."

Pumzi ya Mama Gunia ilisikika kama msumeno ulioishiwa meno. Bila kumtazama mdogo wake akasema, "Kawaambie hivyohivyo mahakamani. Usinipambe mimi, na usijitetee wewe." Kisha akamwambia asogee, aweke mto vizuri, maana yeye ana mikono mirefu.

Alikuwa hawezi tena kusafiri, kwa hiyo jaji aliruhusu ushahidi wake uchukuliwe nyumbani. Siku hiyo mtaa mzima ulijazana dirishani. Alikuja karani wa mahakama na mashine yake ya chapa, mawakili wa pande zote mbili, na mtungi wa oksijeni ukiwa umesimama kando ya kitanda kama ndugu wa tatu. Wakili wa kiwanda alikuwa mtu mrefu, mpole, suti imemkaa. Kinyozi, kwa kuwa adabu ni adabu hata kwa adui, alimsogezea kiti kizuri kuliko vyote.

"Karibu kiti, mheshimiwa."

Wakili akakitazama. Juu yake kulikuwa na takia la gunia. "Nitasimama tu, mzee. Nimekaa sana garini."

Akaanza kuuliza. "Mama, ni kweli hukuwahi kuajiriwa na kiwanda?"

"Kweli."

"Na magunia uliyapata yakiwa matupu?"

"Matupu kwa macho."

"Matupu, ndiyo au hapana?"

"Baba, ungeyapiga fimbo ungepata jibu."

"Na wewe mwenyewe uliyaona salama. Ndiyo maana uliwatandikia wanao."

Tuliokuwa dirishani tulimwona binti akifumba macho. Mama Gunia alishika mrija wa oksijeni, akavuta, akavuta tena. "Ndiyo," akasema. "Niliyaona salama. Hakuna aliyeniambia."

Yakaja maswali mengine, marefu, yanayozunguka na kurudi palepale. Wakili alihamisha uzito mguu huu, akahamisha mguu ule. Mwishowe Mama Gunia akamkatiza.

"Mwanangu, mbona hukai? Miguu itakuvimba."

"Niko sawa, mama."

"Hilo takia ni la gunia la mahindi. Nimelishona juzijuzi."

Mtu mmoja dirishani alicheka, akajiziba mdomo. Wakili mwanamke aliinua kichwa, akamwambia karani kwa sauti yake ndogo: "Naomba iandikwe kwamba tangu tuanze wakili mwenzangu amesimama kando ya kiti kitupu." Yule mrefu akakaa haraka, ukingoni kabisa, lakini mashine ya karani ilikuwa imeshalia. Mpaka leo tunabishana kama Mama Gunia alilitega lile takia au ni ukarimu wake tu.

Alifariki kabla Mjomba hajapanda kizimbani. Tulimzika kwa shuka jeupe la dukani, na kinyozi hakufanya mzaha wowote. Tangu siku hiyo sijamsikia akifanya mwingine.

Mahakamani Mjomba alisimulia kama alivyosimulia mlangoni, maneno yaleyale. Mtaalamu wa maradhi ya kifua alikuwa ameshaeleza kwamba watengenezaji wa bidhaa za asbesto, ng'ambo na kwingineko, walikuwa wakionywa tangu zamani, kabla hata Mama Gunia hajashika shazia. Kikabaki kitu kimoja: je, hawa wa kwetu waliambiwa? Wakili wa kiwanda akamsogelea Mjomba.

"Kwa hiyo wewe uliona mtu akijikinga. Na kesho yake ukambebea dada yako magunia yaleyale. Tusidanganyane. Aliyemuua dada yako ni kiwanda, au ni wewe?"

Wakili wetu alisimama kupinga, lakini Mjomba alikuwa ameshafungua mdomo. Alishika ubao wa kizimba kwa mikono miwili. "Mimi niliona mtu kajifunika uso," akasema. "Ninyi aliwaambia kwa nini kajifunika."

Alikaa chini palepale ndani ya kizimba, mzee mzima, na kinyozi alitoka kwenye benchi bila kuomba ruhusa kwa mtu, akaenda akamshika mkono shemeji yake. Askari wa mahakama alitaka kumrudisha. Jaji akamwashiria amwache.

Hukumu ilisomwa msimu wa mvua, watu wamejaa mpaka nje barazani. Jaji alisema kwamba mtengenezaji hawezi kutoa hatari nje ya geti lake kisha akasema hajui inakokwenda, hasa kama amewahi kunyoosha kidole huko. Si lazima mtu awe na kitambulisho cha kazi ndipo mapafu yake yahesabiwe. Kuhusu jina jipya la kampuni, alisema nyoka akijivua gamba hajawa mjusi. Waliokinunua kiwanda walinunua na madeni ya afya za watu. Kiwanda kikaambiwa kilipe fidia. Wakakata rufaa, wakashindwa. Siku ile ya rufaa alisimama mtu wao, akasoma kwenye karatasi kwamba kampuni inasikitika. Binti alituambia kwamba alikuwa akisoma haraka, kama anayekimbiza gari.

Lakini mlango ukishafunguliwa hawaingii wageni wa mwaliko peke yao. Ofisi ya yule wakili ilianza kujaa. Alikuja mlinzi, kutoka kule alikohamia, anatembea kwa vituo. Alikuja mmoja wa mapacha, bila mwenzake. Walikuja watu ambao hawakuwahi kuijua sura ya Mama Gunia, waliolala bwenini juu ya godoro lisilojulikana lilitoka wapi. Binti mwenyewe alipigwa picha ya kifua. Daktari aliitundika kwenye taa, akaonyesha mahali utando ulipokuwa mnene kidogo, akasema huenda isiwe kitu, arudi mwakani. Alirudi. Akaambiwa hivyohivyo, arudi mwakani. Ameshazoea kuhesabu maisha yake kwa safari moja mpaka nyingine, na wadogo zake, wale wa nywele nyeupe, bado hawataki kwenda kupimwa.

Kesi ya pili ilihusu mapaa. Mahakama iliamuru kampuni iyaondoe mabati yote ya asbesto kwenye majengo ya umma ya mtaa wetu kwa gharama yake, ikianza na shule. Walikuja mafundi wakati wa likizo, wamevaa nguo nyeupe za kuwafunika mpaka kichwani, na vinyago vyenye vichujio. Tuliambiwa tufunge madirisha. Amri ilikuwa wazi: mabati yalowanishwe maji kabla ya kuguswa, yasikatwe, yasivunjwe, yateremshwe mazima na kufungwa kwenye nailoni. Binti alisimama getini tangu asubuhi, kwa kuwa ni mwalimu wa pale na kwa sababu nyingine ambazo hakuna haja ya kuzitaja.

Walikuwa wameshafungua nusu ya paa la madarasa madogo, mpira wa maji ulipoanza kutema hewa. Bomba la mtaa lilikuwa limekauka. Msimamizi wao akatazama juu, akatazama saa, akawaambia waendelee hivyohivyo, yaliyobaki ni machache.

"Maji," binti akasema.

"Mwalimu, tutayashusha polepole tu."

"Mahakama imesema maji. Ukigusa bati moja kavu nampigia wakili sasa hivi, na wewe ndiye utakayesimama kizimbani."

Msimamizi akapunga mkono kwa hasira. Mafundi wakashuka mmoja mmoja, wakakaa kivulini, vinyago vyao bado usoni, hakuna aliyethubutu kuvua. Gari la maji lilipigiwa simu, wakajibiwa liko njiani. Upepo ukaanza kutoka upande wa ukuta wa zamani wa kiwanda. Juu ya darasa, bati moja lililokwisha kufunguliwa misumari likawa linainuka ukingo na kushuka, linainuka na kushuka, likigonga boriti. Binti akajifunga khanga puani, akatugeukia sisi tuliokuwa tunachungulia milangoni, akatupigia kelele tuingize watoto ndani.

Tukaingiza watoto, tukafunga. Tukakaa kwenye giza la mchana, tunasikiliza lile bati, na masikio yetu yakitafuta mlio wa gari la maji.